Kenya na Wizi wa Kazi za Sanaa katika Intaneti

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilitungwa wakati mwizi wa muziki alikuwa na duka, mashine ya kunakilia na shehena ya kaseti. Mkaguzi na polisi waliingia, wakakamata mali, wakamfikisha mhusika mahakamani. Kielelezo kilishikika mkononi. Lakini mechi inayorushwa bila idhini katika intaneti haina ghala, na mara nyingi mrushaji yuko nje ya mipaka, asikofikiwa na askari wa Nairobi.

Ndiyo maana mwaka 2019 Bunge la Kenya liliongeza vifungu vipya katika sheria hiyo. Mwenye haki hupeleka ilani kwa kampuni ya intaneti. Kampuni humjulisha aliyeweka kazi hiyo, na isipopata pingamizi huifunga katika muda wa saa 48 za kazi. Hakimu hahusiki katika hatua hiyo. Atoaye ilani ya uongo aweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000 za Kenya, au kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili.

Hapo ndipo penye ubishi. Kwa mwenye haki ya kutangaza michezo, saa hizo ni nyingi mno: mpira huisha katika dakika 90, na thamani ya matangazo huisha nao. Kwa wapinzani wa vifungu hivyo, barua ya mtu binafsi imepewa nguvu inayokaribia ya hati ya mahakama, na kampuni inayoogopa adhabu itafunga kwanza na kuuliza baadaye. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Askari yeyote ajua tofauti ya kupekua nyumba kwa hati na kuipekua kwa neno la jirani.

Mwaka 2021 uliletwa muswada wa kufuta vifungu vya 35B, 35C na 35D. Wenye haki waliupinga vikali, na sheria iliyotiwa sahihi mwaka 2022 iliviacha palepale. Mwaka huohuo Mahakama Kuu mjini Nairobi iliyaamuru makampuni mawili ya mawasiliano kufunga tovuti zilizorusha michezo bila idhini, baada ya kampuni ya televisheni ya kulipia kuyashtaki. Hivyo ilani iliyodhaniwa kuwa na nguvu za hakimu ilimhitaji hakimu ili itekelezwe. Na tovuti iliyofungwa huweza kufunguliwa tena siku ileile, kwa jina jingine lisilomo katika amri.