Glasi ya jioni, kipimo cha alfajiri

Mfanyakazi wa mgodini Kahama au Geita anayeingia zamu ya asubuhi huwa kituoni akisubiri basi kabla jua halijachomoza. Akifika kazini hupuliza kipima ulevi. Kifaa hicho hakitaki kujua alikunywa nini wala na nani. Husoma kilevi kilichomo kwenye pumzi yake wakati ule. Kwa mtu aliyeketi na rafiki zake jana yake usiku, wakionja mvinyo na kula sato na nyama ya mbuzi, kuna swali moja la kujiuliza kabla ya glasi ya kwanza kujazwa: kilevi hiki kitakwisha mwilini mwangu saa ngapi?

Jibu lake ni hesabu, na kila anayekunywa anaweza kuifanya. Mvinyo mwingi una kilevi cha kati ya asilimia 11 na 14 ya ujazo wake. Tuchukue ule wa asilimia 13. Chupa yake ya mililita 750 ina gramu zipatazo 77 za kilevi kitupu, na glasi ya mililita 150 ina gramu 15. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu zinazokaribia 20, kwa hiyo mtu anayesema mvinyo ni kinywaji chepesi, na yule anayesema ni kikali kuliko bia, wote wanapaswa kwanza kutazama ukubwa wa glasi iliyo mbele yao.

Ini la mtu mzima mwenye afya huvunja wastani wa gramu 7 hadi 10 za kilevi kwa saa. Vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo huelemewa mapema: glasi moja tu inatosha kuvishughulisha vyote, na baada ya hapo vinakwenda kwa mwendo uleule, uwe umekunywa glasi mbili au sita. Mtu aliyeanza saa moja usiku akamaliza glasi nne ana gramu 60 za kuvunja. Ini lake likienda kwa gramu 8 kwa saa, atakuwa safi karibu saa tisa usiku. Akimaliza chupa nzima peke yake, kazi hiyo itaendelea hadi kama saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo wengine wameshapanda basi. Mwenye mwili mdogo au ini lenye mwendo wa polepole atachelewa zaidi. Mwanamke mwenye uzito sawa na mwanamume huwa na maji kidogo zaidi mwilini, ndiyo maana kiasi kilekile cha mvinyo humpa kilevi kingi zaidi katika damu.

Hakuna njia ya kuliharakisha ini. Kahawa humwondolea mtu usingizi lakini haipunguzi gramu hata moja. Kuoga maji baridi kunaamsha ngozi tu. Supu ya asubuhi inarudisha chumvi na maji, nayo ni chakula kizuri, ila kilevi kinabaki palepale. Kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, kunaongeza mzigo mwingine juu ya ule ambao haujakwisha. Hata jasho, mkojo na pumzi kwa pamoja hutoa sehemu ndogo tu ya kilevi. Nyingine yote inalisubiri ini.

Chakula kinasaidia kwa namna yake. Tumbo lenye ugali, nyama na mafuta huchelewa kupeleka mvinyo kwenye utumbo mwembamba, ambako kilevi hufyonzwa kwa kasi. Kwa hiyo kilele cha ulevi kinakuwa cha chini na mtu anakaa mezani akiwa na akili yake. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kunywa mvinyo pamoja na chakula badala ya kuunywa kaunta tumbo likiwa tupu.

Utamu wa kuonja mvinyo kwa sehemu kubwa hautegemei kumeza, na hili wengi hawajaelezwa. Ulimi unatambua ladha chache: tamu, chachu, chungu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha, kama harufu ya matunda, maua, moshi au udongo uliopata mvua, yanatambuliwa na pua, yenye aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu. Mvuke wa mvinyo hufika huko kwa njia mbili: unaponusa glasi, na pale hewa inapopanda kutoka nyuma ya koo wakati mvinyo upo kinywani. Waonjaji wa kazi huizungusha glasi ili mvuke upande, hunusa, hupiga funda dogo, hulizungusha mdomoni, kisha hutema kwenye chombo. Kwao kutema ni sehemu ya kazi, wala hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mtu akionja mvinyo wa aina sita, mililita 50 kila mmoja, akameza wote, amekunywa gramu 30 za kilevi, na ini lake litahitaji saa tatu hadi nne. Akitema, anabakiwa na kiasi kidogo sana, na ladha zote sita amezipata. Ajue tu kwamba mvuke hubaki kinywani, na kipima ulevi kinaweza kuusoma kwa dakika zipatazo 15 baada ya kutema.

Kwa watu wa Shinyanga na Geita, mahali pa kuanzia ni Dodoma. Zabibu za huko, zilizoletwa na wamisionari Wakatoliki, huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora kinashughulika na zao hilo, na aina nyekundu inayojulikana kwa jina la Makutupora, pamoja na Chenin Blanc na Syrah, ndizo zinazojaza mapipa mengi. Marafiki wanaweza kununua chupa tatu za Dodoma, mkavu mwekundu, mkavu mweupe na mtamu, wakazifunika lebo kwa gazeti na kuzijaribu kwa chakula cha nyumbani.

Kuzifunika lebo kuna sababu ya kisayansi. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio ambalo ndani yake wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapima watu ubongo wakati wanaonja mvinyo uleule, safari moja wakiambiwa ni wa bei ndogo na safari nyingine wa bei kubwa. Eneo la ubongo linalohusika na kuona raha lilishughulika zaidi kwa ule wa bei kubwa. Sisi tunaoishi katika miji ya dhahabu, ambako bei ya kitu hupandisha heshima yake haraka, tunahitaji somo hilo. Chupa ghali ya kutoka nje inaweza kushindwa na ya Dodoma iwapo macho hayaoni lebo.

Chakula nacho kina kemia yake. Mvinyo mwekundu una tanini, inayotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikana na protini za mate, ndiyo maana kinywa hukauka na kukaza kama umetafuna ndizi mbichi. Ukila nyama choma, protini na mafuta ya nyama hupunguza ukali huo, na mvinyo uliokuwa mgumu unalainika. Kwa samaki mambo ni tofauti. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mvinyo, hasa mwekundu, hukutana na mafuta ya vyakula vya majini na kuzalisha ile shombo inayobaki mdomoni. Kwa hiyo sato na sangara wa Ziwa Victoria wanapendeza zaidi kwa mvinyo mweupe, na tone la ndimu linasaidia. Pilipili na kilevi huwasha kwa njia moja katika kinywa, hivyo chakula chenye pilipili nyingi kinaomba mvinyo wenye kilevi kidogo na utamu kidogo. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, chakula ambacho kila nyumba ya Kisukuma inakijua, huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu mno. Kiwekee mvinyo mtamu, utaona tofauti.

Jambo jingine ni joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Shinyanga alasiri hufika nyuzi 30, na katika joto hilo kilevi hupanda puani kikafunika harufu nyingine zote. Weka chupa nyekundu kwenye friji kwa muda kabla ya kufungua. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka ikipigwa na jua kwa miezi iache, hata ikiwa na lebo nzuri.

Ukanda huu pia una mvinyo wake wa zamani, wanzuki, unaotengenezwa kwa asali na maji ambavyo chachu huvibadili kuwa kilevi. Kisayansi ni ndugu wa mvinyo wa zabibu, na kwa harufu ya maua ya miombo unastahili nafasi mezani. Tofauti ni kwamba hauna lebo: mmoja unaweza kuwa na nguvu ya bia na mwingine nguvu ya mvinyo, hivyo hesabu ya gramu haiwezekani na busara ni kuunywa kidogo. Gongo ni suala tofauti kabisa. Ni haramu kisheria, imekenekwa, nguvu yake haijulikani, na pombe za mitaani zimewahi kuchanganywa na methanoli ya viwandani inayopofusha macho na kuua. Kenya ilizika makumi ya watu kwa sababu hiyo Mei 2014.

Sasa afya. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba glasi ya mvinyo mwekundu inalinda moyo, na sifa ikapewa kemikali iitwayo resveratroli. Lita nzima ya mvinyo mwekundu kwa kawaida haina hata miligramu 10 za kemikali hiyo, wakati majaribio mengi yametumia mamia ya miligramu kwa siku. Pombe yenyewe imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, kwa uamuzi wa taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani. Mwilini kilevi kinageuka kwanza kuwa asetaldihaidi, ambayo huharibu vinasaba vya seli. Saratani za koo, ini, utumbo mpana na matiti zinahusishwa nacho. Januari 2023 shirika hilo lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa kwa afya. Anayekunywa kidogo ana hatari ndogo, anayekunywa sana ana hatari kubwa, na asiyekunywa hana sababu ya kiafya ya kuanza.

Kanda ya Ziwa ina sababu za ziada za tahadhari. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa wingi kando ya Ziwa Victoria, huacha makovu kwenye ini. Homa ya ini aina ya B huwakaa watu miaka mingi bila dalili. Ini lililokwisha kuumizwa na viwili hivyo likiongezewa kilevi kila wiki, linachakaa mapema. Mchimbaji aliyevuta vumbi la silika yuko katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, na isoniazidi, mojawapo ya dawa zake, inaweza kuumiza ini hasa kwa mnywaji. Wafamasia huonya pia dhidi ya kuchanganya metronidazole, ambayo wengi huijua kama Flagyl, na pombe. Kwa anayetumia ARV, hatari kubwa ni kulewa akasahau dozi. Asiache dawa kwa sababu ya kunywa glasi. Mjamzito asinywe kabisa, hata mvinyo.

Nataka pia kuwatetea wachimbaji wadogo. Anayechoma zebaki ili apate dhahabu huvuta mvuke unaoingia kwenye ubongo na figo, na mojawapo ya dalili zake ni mikono kutetemeka. Utafiti uliofanywa Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa uliwakuta wachimbaji wakiwa na sumu hiyo. Mtu kama huyo mtaani huitwa mlevi, naye hufichwa badala ya kupelekwa hospitali. Mikono ikitetemeka, daktari aambiwe vyote viwili: anakunywa kiasi gani, na anachoma zebaki au hachomi.

Barabarani sheria ya Tanzania imeweka kikomo cha miligramu 80 za kilevi kwa kila mililita 100 za damu kwa dereva wa kawaida, ila uwezo wa kuamua haraka huanza kupungua kabla ya kufika hapo. Chini ya ardhi, kwenye joto na mashine nzito, kilevi kilichobaki hukutana na usingizi mbovu, kwa kuwa pombe huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, tena na upungufu wa maji, kwa kuwa humfanya mtu akojoe zaidi ya kawaida.

Kwa hiyo mkipanga chakula cha jioni na mvinyo, kipangeni usiku unaotangulia siku ya mapumziko. Wekeni maji mengi mezani na chombo cha kutemea, jazeni glasi kidogo, na mwenye pikipiki au gari aonje kwa kutema au asionje kabisa. Na kabla ya hapo, nendeni mkapime homa ya ini aina ya B. Asiyekuwa nayo apate chanjo, kwa maana ipo na inakinga.