Kuvua Mbuta kwa Chambo cha Bandia

Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Ni samaki mlafi, naye huwinda samaki wengine. Kwa hiyo kipande cha chuma king'aacho, au samaki wa kuchongwa aliyefungwa ndoana, humdanganya kikivutwa majini.

Anayeanza asikimbilie kununua vyambo vingi vya rangi. Fedha yake aitumie kwanza kwa mshipi, maana mbuta aweza kupita kilo 100, na hata mdogo ana meno kama msasa yakwaruzayo mshipi hata ukakatika. Kwa wale wadogo wa ukingoni, mshipi uvumiliao uzito wa kilo 15 watosha. Mwishoni aunge kipande kinene zaidi, kiasi cha meta moja. Ufito nao ulingane na chambo: chambo chepesi hakirushwi mbali kwa ufito mgumu, na kizito chaweza kuuvunja ulio mwembamba.

Akisharusha, avute polepole huku akituatua. Mara nyingi mbuta hudaka chambo kinapozama. Wala asiingie majini kukomboa chambo kilichonasa, kwani mamba na viboko wamo.