Maji ya Malagarasi na Haki ya Mto Kubaki Mto
Mto Malagarasi, unaoanzia katika milima ya mpakani mwa Tanzania na Burundi, hukusanya maji ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, yakiwemo ya Mto Ruchugi, kabla ya kuyamwaga katika Ziwa Tanganyika, na ndio unaolisha ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Mkataba wa Ramsar.

Uhai wa ardhioevu hiyo hautegemei wingi wa maji peke yake, bali pia majira yake, kwa kuwa mafuriko ya masika huwafungulia samaki wengi njia ya kuingia katika nyasi zilizofunikwa na maji ili wazaliane, ilhali maji ya kiangazi, hata yakiwa machache, huyahifadhi madimbwi wanamojisitiri. Kiasi hicho cha maji, pamoja na wakati wake, ndicho wataalamu hukiita mtiririko wa kimazingira. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huweka akiba ya mazingira, yaani maji ya kulinda mtiririko huo, mara baada ya mahitaji ya nyumbani, mbele ya umwagiliaji na umeme; kwa hiyo kibali cha kuchepusha kijito, hasa wakati wa kiangazi, hakistahili kutolewa kabla akiba hiyo haijapimwa.