Dola 200: uchukue mashini mpya ya Celeron N4020 ao okazioni ya Core i5-6300U?



Wiki hii mdogo mmoja wa mwaka wa mwisho aliniandikia hivi: "Yaya, baba ameuza maharagi, niko na dola 200. Kwenye duka kuko mashini mbili, bei moja. Moja ni mpya, iko ndani ya kartoni, Celeron N4020. Ingine ni okazioni ya Ulaya, Core i5-6300U. Nichukue gani?" Nilimujibu kwa sauti, lakini najua wengi wetu tuko na swali hilo hilo, njo maana naliandika hapa.

Mimi nilishalipia somo hili. Wakati wa kazi yangu ya mwisho wa masomo nilichukua ile mpya. Niliona plastiki ingali kwenye skrini, nikasema mpya ni mpya. Kwa tablo ya parseli 48 za mahindi haikunisumbua. Shida ilianza nilipofungua picha za setilaiti kwenye QGIS, na huku Word na kurasa kumi za intaneti ziko wazi. Mashini ikaganda. Siku mbili mbele ya kuweka kazi, ilizimika katikati ya ramani, nikarudilia yote usiku mzima. Pesa ile ilikuwa ya mbuzi za mama.

Namba zinasema nini

Celeron N4020 ilitoka mwisho wa 2019. Iko na kore 2, na kila kore inashika kazi moja kwa wakati mmoja. Mwendo wake wa kawaida ni GHz 1,1, ikijikaza inafika 2,8. Intel inaipimia wati 6, na inakubali RAM ya GB 8 tu, haipiti hapo.

Core i5-6300U ilitoka 2015. Nayo iko na kore 2, lakini kila kore inashika kazi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo Windows inaona 4. Mwendo wa kawaida ni GHz 2,4, ikijikaza inafika 3,0. Ni ya wati 15, na inakubali RAM mpaka GB 32.

Sasa mtu atauliza: 2,8 na 3,0 si karibu sawa? Hapa njo wengi wanadanganyika. Tufasirie kama shamba. Kore ni mulimaji, GHz ni mara ngapi anapiga jembe kwa dakika. Lakini kuko jembe dogo na jembe kubwa. N4020 ilitengenezwa ili itumie umeme kidogo, jembe lake ni dogo: kila pigo linageuza udongo kidogo. Kore za i5-6300U zinageuza mingi zaidi kwa pigo moja. Kisha ile 2,8 ya Celeron ni ya muda mfupi. Kazi ikiwa ndefu na mashini ikipata joto, mwendo unashuka. Ukipima kazi inayotumia kore zote, i5-6300U inatoa karibu mara mbili, hata kama iko na miaka mine zaidi. Umri peke yake hauonyeshi nguvu.

Lakini mara mingi mukosaji si prosesa

Hapa nataka tuwe wa haki. Mashini nyingi za N4020 zinauzwa na RAM ya GB 4 iliyochomewa kwenye plaki, na eMMC ya GB 64 pahali pa SSD. RAM ni kama meza ya kazi. Ikijaa, mashini inaanza kuweka vitu kwenye disiki na kuvirudisha, na eMMC haina mbio ya SSD. Njo ile kuganda unayoiona. Na huwezi kuongeza kitu, juu RAM imechomewa.

Okazioni nyingi za i5-6300U zilikuwa mashini za ofisi. Mara mingi ziko na nafasi ya kuongeza RAM na kubadilisha SSD. Mara mingi, si kila siku: model zingine nyembamba nazo zimechomewa RAM. Uliza, kisha hakikisha.

Umeme, pahali Celeron inashinda

Kwa sisi wa delestaje, wati si jambo dogo. Zile 6 na 15 ni za prosesa peke yake. Skrini na vingine vinaongeza. Tuseme mashini nzima ya Celeron inakula wati 10 ukiandika, na ya i5 inakula 20. Uko na batri ya solari ya volti 12, Ah 20. Hiyo ni Wh 240, lakini batri ya asidi ukiimaliza yote unaiua, kwa hiyo hesabu nusu, Wh 120. Celeron inakupa saa 12, i5 saa 6. Kama unaishi mahali umeme unafika mara mbili kwa wiki, usichezee tofauti hiyo. Tena mashini nyingi za N4020 hazina ventilateri: hazipigi kelele, hazivuti vumbi.

Windows nayo

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. N4020 iko kwenye liste ya Windows 11, i5-6300U haiko. Muuzaji anaweza kuiweka kwa nguvu, lakini Microsoft haiikubali. Njia safi ni Linux Mint ao Ubuntu: ni bure, na R, QGIS na LibreOffice zinatembea humo bila shida. Lakini kama kazi yako inadai programu ya Windows tu, weka hilo kwenye mizani mbele ya kulipa.

Ukifika dukani

Usiamini stika. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone jina kamili la prosesa, RAM na aina ya disiki. "Core i5" peke yake haisemi kitu. Ile 6 ya mwanzo kwenye 6300U njo inaonyesha ni jenerasyo ya sita. Kwa okazioni, andika powercfg /batteryreport kwenye ukurasa wa amri. Itakupa karatasi yenye uwezo wa batri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ikiwa imebakiza nusu, toa bei ya batri kwenye bei ya mashini. Uizime, uiwashe tena: ikiomba neno la siri la BIOS ambalo muuzaji hajui, iache hapo hapo. Jaribu kila kitufe, kila tundu la USB.

Jibu langu kwa mdogo

Yeye anafanya ramani na hesabu za udongo, nyumbani kuko umeme kila jioni. Nilimwambia: chukua i5-6300U, lakini tu kama iko na RAM GB 8, SSD, na batri yenye uhai. Ikiwa na GB 4 na disiki ya zamani inayozunguka, punguza bei ao ondoka. Kama angekuwa anaandika tu, anasoma PDF, na anaishi kwa solari, ningemwambia achukue Celeron, ile ya RAM GB 8, bila aibu.

Mkulima hachagui mbegu juu ya uzuri wa mfuko. Anauliza kwanza: shamba langu liko wapi, na mvua inanyesha wakati gani? Fanya vile vile na pesa ya maharagi ya baba.