Shali ya Nyanya

Dada msomaji, sisi wa Mwambao tumezoea jua linalokausha nguo kabla ya adhuhuri. Nilipohamia Kachibora, chini ya vilima vya Cherang'any, niliifua shali ya sufu aliyonifumia marehemu nyanya yangu, nikaitundika kambani kama kule nyumbani. Jioni ilikuwa ingali ikidondosha maji, na urefu wake umepita kimo changu. Kosa si la baridi. Sufu iliyolowa ni nzito, na ikining'inizwa, uzito wa maji huvuta kila kitanzi.

Nikaifua upya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikiibonyeza bila kuisugua. Joto na msuguano huifanya sufu ishikane na kusinyaa, wala hairudi tena. Nikaiviringisha ndani ya taulo, nikaikandamiza, kisha nikaitandaza mkekani ndani ya nyumba na kuirudisha kwa vidole hadi kipimo chake. Ilikauka siku ya tatu.

Vitambaa vya viti vya uzi wa pamba huvumilia zaidi. Hivyo vitoe wanga kabla ya kuviweka sandukuni, maana mende huupenda mno.

Shali imerudi, ila pembe moja bado imelegea. Hiyo hufichika chini ya buibui niendapo darsani.