Mtoto wa Kiongozi Anasoma Wapi?

Natumaini mmekwisha kukaa, na mwenyekiti wa kila kikundi ana daftari na kalamu mbele yake. Anayesuka ukili na aendelee kusuka, maana somo la leo linataka masikio tu, na baadaye litataka ndimi zenu.

Juma lililopita tulizungumza juu ya fedha za shule zetu za serikali. Baada ya somo lile nilipokea barua kutoka kikundi kimoja cha kina mama. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Baada ya salamu waliuliza hivi: “Bwana Elimu, kila juma watuhimiza tuzipende shule za serikali. Je, mtoto wako wewe anasoma wapi?”

Swali hili ni la haki, nami nitalijibu kabla sijaagana nanyi. Lakini kwanza yafaa tulipanue, kwa sababu halinihusu mimi peke yangu. Linamhusu kila mwenye madaraka anayesimama jukwaani na kusema juu ya elimu ya umma.

Mambo matatu yasiyofanana

Watu wengi huchanganya mambo matatu. Tuyatenge kama mtu anavyotenga mchele, chuya na mawe.

Jambo la kwanza ni uchaguzi wa mzazi. Mzazi aliyepata fedha kwa jasho lake akampeleka mwanawe shule ya kulipia hakuvunja sheria, wala hakumwibia mtu.

Jambo la pili ni unafiki. Huu ni pale mtu anapowasifia wengine kitu ambacho yeye mwenyewe anakikimbia, tena anakikimbia kwa siri. Wazee wetu walimwita mtu huyo ndumilakuwili, yaani nyoka mwenye vichwa viwili, huku anauma na huku anapuliza.

Jambo la tatu ni ufisadi wa jamaa. Hapo mwenye madaraka huchukua kilicho cha wote, iwe nafasi ya shule, kazi ya ualimu au zabuni ya madawati, akampa ndugu yake kwa sababu tu ni ndugu.

La kwanza ni haki ya mtu. La pili ni aibu. La tatu ni kosa. Lakini angalieni: la pili ndilo mlango wa la tatu. Kiongozi ambaye mwanawe hayumo katika shule ya umma hana tena cha kumuuma shule hiyo inapoharibika, na mali isiyokuuma ni rahisi kuigawa.

Yaliyotokea mwaka 1966 na 1967

Sasa tutazame historia yetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa. Wangekaa kambini miezi mitano, kisha wangefanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara wao. Wanafunzi walikataa. Tena walisema kwamba viongozi wanaowataka wao wajinyime wanapokea mishahara minono.

Mwalimu Nyerere alikasirika, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao, ingawa wengi wao walipokewa tena baadaye. Lakini Mwalimu hakulitupa lile neno la mishahara. Alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine serikalini ikapunguzwa pia. Tunaweza kubishana kama wanafunzi walitendewa haki. Lakini somo moja liko wazi. Kiongozi aliyeambiwa “wewe nawe” hana jibu lenye nguvu zaidi ya kuanzia kwake mwenyewe.

Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likatoka Azimio la Arusha pamoja na masharti ya uongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na hisa katika makampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba za kupangisha. Na Azimio lilieleza kwamba neno “kiongozi” lina maana ya mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe. Kwa nini? Kwa sababu walioliandika waliijua nyumba. Walijua kwamba mume akizuiwa kumiliki, kesho yake hati itaandikwa jina la mke. Mwezi wa Machi mwaka ule ule ikatoka Elimu ya Kujitegemea, iliyosema kwamba shule zetu zisifundishe watu wachache kujiona bora kuliko wazazi wao.

Masharti yale yalilegezwa na chama huko Zanzibar mwezi wa Februari 1991. Mwaka 1995 ilipitishwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Hiyo ilimtaka kiongozi atangaze mali yake, ya mwenzi wake wa ndoa, na ya watoto wake walio chini ya umri wa miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kwa hiyo sheria hutaka kujua shamba lililoandikwa jina la mtoto. Mtoto mwenyewe anasoma wapi, hilo halimo katika orodha ya mali.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Huenda mtu akauliza: “Mtoto wa mkubwa akisoma kwingine, mimi napungukiwa nini? Si ameniachia nafasi darasani?”

Jibu ni hili. Shule huishi kwa vitu viwili, fedha na sauti. Tuanze na fedha. Elimu bila ada ilipoanzishwa Tanzania Bara hadi kidato cha nne, Januari 2016, kiwango cha ruzuku kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi, na shilingi 25,000 kwa mtoto wa sekondari. Chukueni kalamu tufanye hesabu. Shilingi 10,000 ukizigawanya kwa miezi 12 ni kama shilingi 833 kwa mwezi. Shule ya watoto 600 ni shilingi 6,000,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, vitabu, mitihani na ukarabati. Katika miji yetu, shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza hutoza shilingi milioni moja na zaidi kwa mtoto mmoja tu. Basi ada ya watoto sita wa shule ile yaweza kulingana na ruzuku ya watoto 600 wa shule hii.

Sasa sauti. Paa la darasa likivuja, nani atakayepiga simu wilayani na simu ikapokelewa? Ni yule mzazi mwenye cheo. Akimwondoa mwanawe, anaondoka na simu yake. Hubaki wazazi ambao wakienda ofisini huambiwa warudi kesho. Ndiyo maana mjadala wa elimu ya umma huwa mtamu majukwaani na mkavu kwenye bajeti. Wanaopanga matumizi na wanaokaa chini ya paa linalovuja hawakutani nyumbani wakati wa chakula cha jioni.

Hata katika swali la lugha tumeona hivyo. Tume ya Makwetta, iliyoundwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1980, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Mwaka 1983 serikali ikasema Kiingereza kitaendelea. Wako wenye hoja za kweli pande zote mbili, wala leo sitaamua. Nasema tu kwamba anayekisifu Kiswahili mbele ya watu, kisha akalipa fedha nyingi ili mwanawe asifundishwe kwa Kiswahili, ana wajibu wa kutueleza sababu yake. Pengine sababu hiyo ni nzuri, nasi tungefaidika kuisikia.

Mkuki kwa nguruwe

Unafiki huonekana pia katika ukaguzi. Mwezi wa Aprili 2017 Rais Magufuli alipokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Cheti cha uongo ni wizi, na mtoto anayefundishwa na mwenye cheti cha uongo huibiwa kila siku. Lakini uhakiki ule haukuwagusa mawaziri, wabunge, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Ilielezwa kwamba vyeo vya kisiasa havidai vyeti, vyadai kujua kusoma na kuandika. Kwa sheria maelezo hayo ni sahihi. Lakini wananchi wengi waliuliza: kama mbunge ameandika katika maelezo yake kwamba ana shahada, je, asiulizwe? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Jirani zetu nao wamepitia. Kenya ilianzisha elimu ya msingi bila malipo Januari 2003, na watoto wakajaa madarasani. Mwaka 2009 yakafumuka madai ya wizi wa fedha za mpango ule ule, hata Uingereza, na baada yake Marekani, zikasimamisha msaada wao. Hebu fikirini: fedha za chaki za mtoto wa maskini!

Huko India mahakama ilijaribu dawa kali. Mwezi wa Agosti 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad iliamuru kwamba watumishi wa serikali katika jimbo la Uttar Pradesh, pamoja na majaji na wachaguliwa wa wananchi, wawapeleke watoto wao katika shule za msingi za serikali. Amri ile iliwafurahisha wengi, lakini kuitekeleza kukawa kazi nyingine. Mimi sidhani amri ya namna hiyo yatosha. Mtoto si fimbo ya kumchapia baba yake. Lakini jaji alikuwa ameuona ugonjwa wenyewe.

Mjomba wangu na nafasi ya bweni

Tusidhani kwamba ufisadi wa jamaa ni wa wakubwa tu. Mimi nilikutana nao sebuleni kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika ofisi moja ya elimu ya wilaya. Katika shule mojawapo ilibaki nafasi moja ya bweni la wasichana. Orodha ilipangwa kwa umbali, na wa kwanza alikuwa binti wa mama mjane, aliyetembea saa mbili kila asubuhi kufika shuleni. Jioni moja mjomba wangu akaja na chupa ya asali.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia kuna nafasi bwenini. Dada yako mdogo huyu anapata taabu ya basi.”

“Nafasi ipo, mjomba, lakini ina mwenyewe.”

“Mwenyewe! Nilipouza ng'ombe wangu wawili wewe uende kidato cha tano, niliuliza habari za mwenyewe?”

Ndugu wasikilizaji, sikuwa na jibu. Maneno yake yalikuwa ya kweli. Bila wale ng'ombe nisingekuwa nazungumza nanyi sasa. Usiku ule sikulala vizuri, wala wa pili yake. Jibu lilinijia baadaye sana: ng'ombe walikuwa wake, na nafasi ile haikuwa yangu. Yeye alinisaidia kwa mali yake. Mimi nilitakiwa nimlipe kwa mali ya mtoto wa mjane.

Nafasi nilimpa mwenyewe. Nauli ya binti wa mjomba nikailipa kutoka mshahara wangu, mwaka mzima. Mjomba aliipokea nauli, lakini simu zangu hakuzipokea, na katika arusi ya ukoo alikaa mbali nami. Sisemi haya nipate kusifiwa. Nasema ili mjue kwamba haki ina gharama, na gharama hiyo hulipwa nyumbani, kwa watu unaowapenda.

Jibu la barua

Sasa kina mama, hili hapa jibu lenu. Mtoto wangu wa kwanza anasoma shule ya kulipia. Wa pili yuko shule ya serikali ya mtaani kwetu. Yule wa kwanza nilimpeleka kwa sababu niliogopa wingi wa watoto darasani. Sikuvunja sheria. Lakini nimesimama mbele ya wazazi mara nyingi nikisema, “Shule zetu ni nzuri, msiwe na wasiwasi,” na wasiwasi huo huo ulikuwa wangu, nikauficha. Hapo palikuwa na unafiki, na barua yenu imenikamata. Tangu leo nitasema yale ninayoyajua: walimu wetu wengi ni wazuri, na madarasa yetu mengi yamejaa kupita kiasi. Mkutanoni nitasema vivyo hivyo.

Nanyi mfanye nini? Kwanza, hudhurieni mikutano ya shule, mwombe kamati iwasomee mapato na matumizi. Pili, mgombea akija kusifu elimu ya umma, mwulizeni kwa adabu swali la kina mama hawa, kisha mwulizeni atafanya nini juu ya madawati. Tatu, ndugu yenu akipata cheo, msimpelekee asali.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, kiongozi anayempeleka mwanawe shule ya kulipia aweza kuwa mtetezi mwema wa shule za serikali? Toeni sababu.

2. Kama ungekuwa mimi, ungemjibu nini mjomba?

3. Shule yenu ilipokea fedha kiasi gani mwaka uliopita? Kama hakuna anayejua, chagueni watu wawili wakaulize kabla ya somo lijalo.

Katibu aandike majibu na kuyatuma kwa anwani yetu ya kawaida. Na barua za kunihoji msiache kuziandika. Kwaherini.