Donge Kooni: Ni Kimeo, au Ni Mawazo?

Je, umewahi kuhisi kitu kimekukwama kooni, unameza mate hakishuki, unakohoa hakitoki? Ukila ugali unapita bila taabu, lakini ukimaliza tu, kitu kile kile kinarudi!

Msichana mmoja wa kidato cha nne hapa Moshono alinisubiri mlangoni baada ya kipindi. "Dada, nina donge hapa," akaniambia huku ameshika shingo. Lilimwanza wiki ya mtihani wa moko. Shangazi yake alisema ni kimeo, na mzee wa kukikata alishapatikana. Rafiki yake naye akamwambia iko dawa ya Kichina. Sasa afuate lipi?

Tuanze na hiyo dawa, maana si uzushi wa mtaani. Inaitwa Banxia Houpo Tang. Tabibu Zhang Zhongjing aliiandika mwanzoni mwa karne ya 3 kwa shida hii hii: mgonjwa anajisikia kama ana kipande cha nyama kooni. Baadaye Wachina wakaifananisha na kokwa ya plamu. Sisi tunasema donge, na neno letu linajua mengi, maana hata mtu aliyemeza uchungu asiweze kuusema tunasema ana donge.

"Tang" maana yake supu. Wanachemsha tangawizi mbichi, gome la mti wa magnolia, uyoga unaoota kwenye mizizi ya msonobari, majani ya zisu (ukoo mmoja na mrihani) na kiazi cha banxia. Mzee wa Kimaasai anayetia olkiloriti kwenye supu ya mbuzi angeelewa haraka! Ila banxia ni ndugu wa magimbi. Unajua gimbi bichi linavyowasha koo? Banxia mbichi ni mbaya zaidi, ni sumu, ndiyo maana Wachina huiloweka na kuitengeneza kwanza. Kwa hiyo unga usio na lebo unaouziwa stendi, achana nao.

Je, inatibu? Japani madaktari wa hospitali huiandikia wagonjwa, lakini tafiti nyingi ni ndogo na ushahidi bado haujakaa sawa. Sisemi tudharau mitishamba. Dawa ya mseto ya malaria imetokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Tofauti ni kwamba ile ilipimwa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa. Muulize muuzaji namba ya usajili, usione haya.

Donge lenyewe ni nini basi? Mwanzoni mwa njia ya chakula kuna msuli wa duara, kama mpira wa kufungia noti. Ukiwa na wasiwasi unakaza, mate nayo yanakauka. Wewe unameza-meza ili uliondoe, kumbe ndiyo unalizidisha! Tonge likifika msuli unafunguka. Kiungulia nacho huweza kulileta. Kunywa maji funda dogo dogo, piga miayo, vuta pumzi taratibu, na usilale mara tu baada ya kula. Chai ya tangawizi kunywa tu.

Kimeo hakihusiki kabisa. Kukikata kunaleta kuvuja damu, pepopunda, na kwa wembe wa kuchangia hata VVU. Kataa.

Lakini ukimeza unaumia, chakula kinakwama, unakonda, sauti imekauka zaidi ya wiki tatu, au kuna uvimbe shingoni, hayo si mawazo. Nenda zahanati, wao wakiona haja watakupeleka Hospitali ya Mount Meru.

Nilimuuliza yule msichana wiki ile kulitokea nini. Akanyamaza weee! Kisha akasema matokeo ya moko ameyaficha chini ya godoro, hesabu amepata sifuri. Jumamosi tukaenda wote kwa shangazi. Mama wa watu aliisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo ni hili tu?" Safari ya kwa mzee ikafutwa, wakaenda zahanati kwanza kuangalia koo, kisha wakatafuta mwalimu wa hesabu. Donge halikuondoka siku ile. Lilichukua kama wiki mbili.